Taa Gani Inamfaa Samaki wa Mwalimu?

Mwaka 1985 watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakichunguza samaki wa Ghuba ya Mwanza walimpa furu mmoja jina la Mwalimu Julius Nyerere. Leo vitabu vya sayansi vinamwita Pundamilia nyererei. Dume lake likikomaa huwa na mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi iliyosimama wima, na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani wanampenda mno. Nyumbani kwa Mwalimu, Butiama, si mbali na Ziwa Victoria. Mvua inayonyesha Ikoma nayo huteremka na Mto Grumeti hadi Ghuba ya Speke, mojawapo ya makazi ya samaki huyu. Kwa hiyo taa ya kumwekea tangini ni jambo linalotuhusu sisi wa Mara kabla ya kumhusu mtu mwingine.

Tatizo ni kwamba ushauri mwingi kuhusu taa za matangi umetungwa kwa ajili ya matumbawe ya baharini. Kwa matumbawe ni ushauri mzuri. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Maji safi ya bahari hunyonya mwanga mwekundu katika mita chache za mwanzo, ilhali wa buluu huzama mbali, na mwani huo umezoea kuutumia. Ndiyo maana mfugaji wa matumbawe huweka taa nyeupe kisha akaongeza taa ya LED ya buluu, yenye mawimbi ya nanomita 420 hadi 460 hivi. Kwenye maboksi utakuta imeandikwa Kelvini 10,000, hata 20,000; kadiri namba hiyo inavyopanda ndivyo mwanga unavyoelekea buluu.

Ziwa Victoria hufanya kinyume. Maji yake yamejaa mwani unaoelea, udongo na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka, na vyote hivyo hula buluu kwanza. Kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unavyogeuka wa njano, kisha wa rangi ya chungwa. Tangu miaka ya 1920 ung'avu wa ziwa umepungua sana kwa sababu ya majitaka, mbolea na udongo unaosombwa kutoka mashambani. Hata hivyo hali hailingani kila mahali. Kisiwani Luanso, ndani kabisa ya Ghuba ya Mwanza, sahani nyeupe ya kupimia ung'avu hupotea machoni ikifika nusu mita hivi. Kisiwani Makobe, katika Ghuba ya Speke, huonekana hadi zaidi ya mita 2.

Tofauti hiyo ya maji ndiyo iliyomvuta Ole Seehausen, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi ziwani akishirikiana na taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI. Nyererei ana ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu na hukaa zaidi karibu na uso wa maji, wakati nyererei hushuka chini. Pale Makobe hawa ni samaki wawili walio mbalimbali kabisa. Pale Luanso, kwenye maji machafu, wamekuwa kundi moja lenye rangi za katikati. Mwaka 1997 Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha maelezo yao. Maabarani, chini ya mwanga mweupe wenye rangi zote, majike waliwachagua madume wa aina yao. Chini ya mwanga wa rangi moja, uliofuta tofauti ya nyekundu na buluu, uchaguzi huo ulipotea. Taa peke yake ilitosha kuvunja mpaka kati ya aina mbili za samaki.

Mwaka 2008 timu ya Seehausen ikaonyesha kwamba tofauti imo hata ndani ya jicho. Samaki wa buluu ana chembe za kuona zinazopokea mwanga vizuri zaidi karibu na nanomita 544, na za nyererei zimesogea kuelekea wekundu, karibu na 559. Ni hatua ya nanomita 15 tu, lakini inafuata rangi ya maji anamoishi kila mmoja.

Jaribio ninaloliona zito kuliko yote kwa mfugaji ni la Martine Maan wa Chuo Kikuu cha Groningen na wenzake, lililochapishwa mwaka 2017. Walikuza samaki hawa tangu wadogo chini ya mianga miwili iliyoigizwa kutoka ziwani: wa maji ya juu na wa maji ya kina. Walitumia taa za halojeni zenye kichujio cha kijani, na kwa upande wa kina wakaongeza kichujio cha njano ili kupunguza buluu. Kila aina iliishi vizuri zaidi chini ya mwanga wa kwao. Hapo hapakuwa na sangara wa kuwala wala wavu wa kuwavua. Mwanga usiofaa peke yake ulipunguza idadi ya waliobaki hai.

Nawasifu kwa kuchagua halojeni. Taa hiyo hutoa mwanga kwa waya unaowaka, hivyo rangi zake zinafuatana bila pengo na buluu ni kidogo. Kichujio kina kitu cha kuchuja na kitu cha kubakiza. LED nyeupe ya kawaida ina kiini cha buluu, karibu na nanomita 450, kilichopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa njano. Kilele cha buluu hubaki palepale. Ukiongeza juu yake taa ya ziada ya matumbawe, umemwongezea nyererei kitu kilekile ambacho ziwa lake humwondolea, na wekundu wa dume unafifia kwa sababu mwanga mwekundu wa kuurudisha ni kidogo ukilinganisha na wa buluu. Lumeni hazikusaidii kuligundua hilo, kwa sababu kipimo hicho kimepangwa kwa jicho la binadamu.

Halojeni ina gharama yake. Taa ya wati 50 ikiwaka saa 12 kwa siku inakula wati-saa 600, mzigo mkubwa kwa nyumba ya kijijini Robanda inayotegemea sola na betri. LED ya wati 8 kwa muda huohuo haifiki 100. Kwa hiyo kwa tangi la nyererei peke yao mimi ningechukua LED ya rangi ya joto, Kelvini 2,700 hadi 3,000, nikafunika kwa karatasi angavu ya njano inayohimili joto, na kuiwasha saa 12, kama jua letu la karibu na ikweta. Kwa pundamilia wa buluu ningepanda hadi Kelvini 4,000 au 5,000 bila karatasi.

Kuwachanganya wote wawili tangi moja sishauri. Ukilazimika, weka mwanga wenye rangi zote ili majike waone wanachochagua. Sangara na uchafu wa maji vimetupotezea furu wengi mno, na machotara waliozaliwa tangini hawawezi kurudishwa kuwa aina mbili.

Ukifika dukani, ulizia grafu ya mawimbi ya taa kabla ya kuulizia wati. Muuzaji asipokuwa nayo, chukua ya Kelvini 3,000 yenye alama ya CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa usahihi) 90 au zaidi, na ile ya buluu waachie wenye matumbawe.