Shauri Lililowafunga Walioliamua: Namna Chuo cha Valencia Kilivyokuza Ufaulu wa Wanafunzi Wake

Chuo kinachomfungulia mlango kila mtu hujitwika dhamana ambayo chuo kinachochagua wanafunzi wake hakiijui, maana kile kinachochagua chaweza kujisifia akili waliyokuja nayo wateule wake, lakini kinachopokea wote hakina cha kujivunia ila kazi iliyofanyika ndani ya kuta zake. Vyuo vya jumuiya vya Marekani ni vya jamii hiyo ya pili. Cha kwanza cha umma kilianzishwa Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901. Leo idadi yake yakaribia elfu moja, navyo humpokea kijana aliyemaliza sekondari jana, mama wa watoto watatu afanyaye kazi ya usiku, mhamiaji ambaye bado anajifunza Kiingereza, na mtu mzima aliyepoteza ajira kiwandani, na wote hao huwaahidi cheti cha ufundi, au stashahada ya miaka miwili, au njia ya kuhamia chuo kikuu. Ahadi hiyo ni adili na tukufu. Ila yake ya miaka mingi ni kwamba wengi waingiao hawatoki na kitu mkononi, na aghalabu wanaoshindwa ni maskini, watu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, yaani wale wale ambao mlango uliachwa wazi kwa ajili yao.

Chuo cha Valencia, kilichoko Orlando katika jimbo la Florida, ni mfano unaostahili kufunguliwa fundo kwa fundo. Kilianzishwa mwaka 1967, na miaka minne baadaye, Walt Disney World ilipofunguliwa katika eneo hilo, nchi ile iliyojulikana kwa mashamba yake ya michungwa ikageuka kuwa nchi ya mahoteli, yenye ajira nyingi na ujira mdogo, na yenye wakazi wengi waliotoka Puerto Rico na nchi za Amerika ya Kilatini. Wanafunzi wake, basi, hawakuwa watu wa kuchaguliwa wala wa kubembelezwa na bahati. Hata hivyo Taasisi ya Aspen ilipotoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya ubora wa vyuo vya jumuiya, Desemba 2011, ilikipa chuo hiki. Na wakati huo zaidi kidogo ya nusu ya wanafunzi wake wasomao kwa muda kamili walikuwa wakihitimu au kuhamia chuo kingine katika miaka mitatu, ilhali kwa nchi nzima kiwango hicho hakikufika 40 kwa mia. Muradi wa makala haya ni kuonyesha tofauti hiyo ilitengenezwa kwa taratibu gani, na kwa nini mashauri ya chuo hiki yalizaa matunda ambayo mashauri ya vyuo vingine vingi hayakuyazaa.

Katikati ya miaka ya 1990, uongozi wa Valencia uliitisha mabaraza ya mazungumzo ambamo walimu, washauri wa wanafunzi, maafisa wa usajili na wakuu wa chuo walikaa pamoja. Kabla ya hapo, kama ilivyo desturi ya vyuo vingi, kila idara ilipanga lake: msajili alipanga tarehe za usajili kwa kutazama wepesi wa kazi yake, mwalimu alipanga somo lake bila kujua mwanafunzi ametoka wapi na anakwenda wapi, na mshauri alikutana na mwanafunzi baada ya mambo kuharibika. Kila mmoja aliweza kusema kwa haki kwamba ametimiza wajibu wake, na bado mwanafunzi akapotea katika nafasi zilizokuwa kati ya wajibu huu na ule. Mabaraza hayo yalipewa maswali mawili ambayo Terry O'Banion, mtetezi mashuhuri wa chuo kinachoweka kujifunza mbele ya yote, aliyaeneza katika vyuo vya jumuiya vya zama hizo: je, jambo hili tunalotaka kulifanya litaongeza elimu ya mwanafunzi, na tutajuaje kwamba limeiongeza? Swali la kwanza liliondoa ubishi juu ya nani mwenye mamlaka. Swali la pili liliwalazimisha wote kuheshimu ithibati. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini hata wazee hukosea wanapohukumu kesi bila mashahidi, na mashahidi wa baraza hili walikuwa takwimu za chuo chenyewe: nani aliingia, nani alifaulu somo gani, nani hakurudi muhula wa pili.

Tunda la kwanza la mashauri hayo lilikuwa ramani iliyoitwa LifeMap, iliyogawa safari ya mwanafunzi katika hatua tano, tangu anapotoka sekondari, kuingia chuoni, kusonga mbele katika masomo, kuelekea kuhitimu, hadi kujifunza kwa maisha yake yote. Katika kila hatua ilielezwa mwanafunzi apaswa kujua nini na kuamua nini, na chuo chapaswa kumpa nini na kupitia kwa nani. Ramani hiyo ikaambatanishwa na mtandao wa chuo, Atlas, ambamo mwanafunzi aliweza kujiandikia mpango wa masomo, muhula kwa muhula, mpaka siku ya kuhitimu. Thamani ya kazi hii haikuwa katika mchoro wenyewe, kwa maana michoro mizuri imejaa makabatini mwa vyuo vyote. Ilikuwa katika namna ilivyotengenezwa. Kwa kuwa walimu na washauri waliichora pamoja, mwalimu wa hisabati alikiona chuo kwa mara ya kwanza jinsi mwanafunzi akionavyo, kama njia moja ndefu na wala si kama idara nyingi zilizopakana. Kutokana na hapo Valencia ilipata kanuni iliyoongoza maamuzi yake yote ya baadaye, kwamba chuo hasa ni kile ambacho mwanafunzi hukutana nacho, si kile ambacho watumishi wake hujidhania.

Kanuni hiyo ilijaribiwa mlangoni. Chini ya Sanford Shugart, aliyekuwa rais wa chuo kuanzia mwaka 2000 hadi 2021, takwimu zilichunguzwa zikaonyesha bayana kwamba mwanafunzi anayefaulu masomo yake machache ya mwanzo ana matumaini makubwa zaidi ya kuhitimu, na kwamba anayeanguka mwanzoni ni nadra kusimama tena. Hapo ndipo lilipoamuliwa jambo lililohitaji ujasiri: hakuna mwanafunzi atakayeandikishwa katika darasa ambalo limekwisha kutana kwa mara ya kwanza. Msomaji asiyezijua ofisi za vyuo aweza kuliona jambo hili dogo, lakini mapato ya chuo hufuata idadi ya walioandikishwa, na kila anayezuiwa mlangoni ni ada iliyokosekana. Ndiyo maana vyuo vingi huendelea kupokea watu wiki ya kwanza na hata ya pili, ingawa walimu wanajua kwamba anayeingia kwa kuchelewa, hana kitabu, hana mpango, wala hajui kilichofundishwa, mara nyingi anaandikishwa ili ashindwe. Valencia haikuwafukuza waliochelewa. Iliwafungulia madarasa mengine yanayoanza wiki kadhaa baadaye katika muhula ule ule, wayaanze tangu siku ya kwanza kama wenzao. Uamuzi huo usingewezekana kama msajili na mhasibu hawangekuwapo barazani, maana mwalimu peke yake angeuomba miaka nenda miaka rudi asisikilizwe.

Mwaka 2004 Valencia iliingia katika duru ya kwanza ya mpango uitwao Achieving the Dream, ulioanzishwa kwa msaada wa Wakfu wa Lumina ili vyuo vya jumuiya vitumie takwimu kuziba pengo la ufaulu kati ya makundi ya wanafunzi. Hapa chuo kilifanya jambo la pili la hekima, nalo ni kukataa wingi. Badala ya kuanzisha miradi midogo thelathini ya kumsaidia mwanafunzi mmoja hapa na mmoja pale, kilichagua masomo machache yenye wanafunzi wengi zaidi na vikwazo vikubwa zaidi, yaani hisabati za matayarisho na aljebra, utungaji wa Kiingereza, na somo la serikali ya Marekani. Kisha kikachagua njia tatu tu za kuyashughulikia. Ya kwanza ilikuwa kuweka wasaidizi ambao wamekwisha kulifaulu somo, wakaingia darasani pamoja na mwalimu na kuendesha vipindi vya ziada. Ya pili ilikuwa kuunganisha masomo mawili kwa kundi moja la wanafunzi, walimu wake wakipanga pamoja, ili mwanafunzi asiwe mgeni kila anapobadilisha chumba. Ya tatu ilikuwa somo maalumu la kumfundisha anayeanza jinsi ya kusoma, kupanga wakati na kuchagua mwelekeo. Sharti la kila njia lilikuwa moja: lazima iweze kuwafikia maelfu, kwani msaada unaowafaa wachache walio karibu na mradi huacha hesabu ya chuo kizima pale pale ilipokuwa.

Fauka ya hayo, shauri liliwagusa walimu wenyewe. Mwalimu mpya aliyewania ajira ya kudumu alipitia mafunzo ya miaka kadhaa, akaandika mpango wake mwenyewe wa kujifunza kufundisha, akafanya utafiti juu ya swali linalotoka darasani kwake, na kazi hiyo ikapimwa na wenzake. Vyuo vingi huwapima walimu kwa shahada walizonazo siku ya kuajiriwa. Valencia ilipima wanavyozidi kuwa walimu baada ya kuajiriwa. Si ajabu basi kwamba imani ya chuo, kwamba kila mtu aweza kujifunza kila jambo pakiwepo masharti yafaayo, haikubaki tamko la ukutani. Imani hiyo humtwisha mwalimu mzigo mzito, kwa kuwa inapokubaliwa, kila kushindwa kwa mwanafunzi humrudisha mwalimu na chuo chake kwenye uchunguzi wa masharti.

Mwisho, baraza lilivuka ukuta wa chuo. Mwaka 2006 Valencia na vyuo vingine vya jirani vilifunga mapatano na Chuo Kikuu cha Central Florida, yaliyoitwa DirectConnect, kwamba anayemaliza stashahada katika chuo cha jumuiya ana nafasi iliyohakikishwa chuo kikuu. Washauri wa chuo kikuu wakaja kuhudumu katika kampasi za Valencia, ili mwanafunzi apange masomo yake tangu mapema kwa kufuata shahada anayoikusudia, asije akagundua baada ya miaka miwili kwamba nusu ya aliyoyasoma hayahesabiki. Mwaka 2019 Valencia na chuo kikuu hicho vilifungua kampasi ya pamoja katikati ya jiji la Orlando. Uhamisho, ambao kwingineko ni mto usio na daraja, hapa ukawa sehemu ya mpango mmoja.

Mchambuzi mwenye insafu lazima aulize: je, yawezekana ufaulu huo uliletwa na sababu nyingine? Valencia haikufanya jaribio la kulinganisha, lakini New York walilifanya. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007, kwa kushirikiana na serikali ya jiji, mpango uitwao ASAP katika vyuo vyake vya jumuiya, ukiunganisha kwa pamoja mambo ambayo kwingineko hutolewa vipande vipande: masomo ya muda kamili, mshauri mwenye wanafunzi wachache anayekutana nao mara kwa mara, kufidiwa ada iliyobaki, vitabu, na kadi ya usafiri wa umma. Shirika la utafiti la MDRC likawagawa kwa kura wanafunzi 896 wa kipato cha chini, wengine wakaingia katika mpango na wengine wakabaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu waliohitimu katika kundi la kwanza walikuwa 40 kwa mia, na katika la pili 22 kwa mia. Gharama kwa kila mwanafunzi ilizidi kwa takriban 60 kwa mia, lakini kwa kuwa wahitimu walikuwa wengi zaidi, gharama ya kila mhitimu mmoja ilipungua. Vyuo vitatu vya Ohio vilipoiga mpango huo, natija ilikaribia kuwa ile ile. Ithibati hii yatosha kututoa shaka juu ya jambo la msingi: masharti ya chuo yakibadilika kwa pamoja, ufaulu wa watu wale wale hubadilika pia.

Haifai kufichwa kwamba nusu inayohitimu au kuhamia ni nusu tu, na kwamba wanaosoma kwa muda usio kamili huku wakifanya kazi bado ni wagumu kufikiwa na mipango ya namna hii. Lakini hukumu ya uchambuzi huu ni kwamba Valencia ilifaulu kwa sababu shauri lake liliwafunga kwanza walioliamua: msajili alikubali kufunga orodha, mhasibu alikubali hatari ya kupungua kwa ada, mwalimu alikubali kupimwa na wenzake, na chuo kikuu kilikubali kutoa ahadi kabla ya kupokea. Mipango mingi ya kukuza ufaulu humwekea masharti mwanafunzi pekee, huku kila ofisi ikibaki na desturi zake, na mipango hiyo hufa pamoja na karatasi zake.

Enyi mnaoongoza vyuo vyetu vya ufundi, vya ualimu na vya maendeleo ya wananchi, mnapokaa kupanga mwaka ujao, mwiteni msajili, mhasibu, mwalimu wa mwaka wa kwanza na mwakilishi wa wanafunzi katika meza moja, mweke mbele yao orodha ya walioingia na ya waliotoka, na kila mmoja aulizwe ofisi yake itaacha nini na itaanza nini. Wala baraza lisifungwe kabla kila mmoja hajajibu.