Mafundi Waliouogopa Upepo

Watu wengi wa pwani hulelewa na habari za Sirati, daraja jembamba kuliko unywele na kali kuliko upanga, ambalo kila mja atalipita siku ya hesabu. Lakini madaraja ya dunia tunayavuka tukizungumza, tukisinzia au tukila karanga, wala hatuulizi ni nani aliyekesha na kalamu yake akikadiria uzito wetu, uzito wa treni, na nguvu ya tufani ambayo pengine haitakuja ila mara moja katika karne. Utulivu wetu huo ndio ushahidi wa umahiri wa fundi, nao hutokana na jambo moja ambalo hatukuzoea kulihesabu miongoni mwa fadhila, nalo ni hofu.

Mwaka 1878, huko Uskoti, lilifunguliwa daraja la reli juu ya mlango wa mto Tay, karibu na mji wa Dundee, lenye urefu wa karibu maili mbili, na mbuni wake, Thomas Bouch, akatunukiwa na Malkia Victoria heshima ya kuitwa Sir. Jioni ya Jumapili, tarehe 28 Desemba 1879, upepo mkali ulivuma, na treni ya kwenda Dundee ilipokuwa juu ya maji, sehemu ya kati ya daraja ikaporomoka nayo mtoni, na katika abiria na watumishi waliokadiriwa kuwa 75 hakunusurika hata mmoja. Baraza lililochunguza msiba lilikata shauri kwamba daraja lilibuniwa vibaya, likajengwa vibaya, na likatunzwa vibaya. Ilidhihirika kuwa Bouch hakuuwekea upepo hesabu yake mahsusi. Na ilidhihirika pia kuwa baadhi ya nguzo za chuma cha kusubu zilitoka kalibuni zikiwa na matundu, nayo matundu yakazibwa kwa mchanganyiko wa nta, ulimbo, masizi na unga wa chuma, yakapakwa rangi, yakapendeza machoni.

Lakini linalonisikitisha zaidi katika kisa hiki ni habari ya Henry Noble, aliyewekwa kulikagua daraja, mtu mwaminifu ambaye ujuzi wake ulikuwa katika matofali na misingi, si katika chuma. Miezi mingi kabla ya msiba alisikia vyuma vikigongana juu yake, akapanda kutazama, akakuta fito zilizofunga nguzo mshazari zimelegea. Naye, kwa nia njema kabisa, akachomeka vipande vya chuma katika nafasi zilizolegea ili kelele ikome, wala hakumwarifu Bouch. Daraja lilikuwa limesema, na aliyelisikia akalinyamazisha.

Bouch alifariki mwaka 1880, na daraja jingine alilokuwa amekwisha kubuni kwa ajili ya mlango wa mto Forth, kusini ya pale, likafutwa. Kazi hiyo ikawaangukia John Fowler na Benjamin Baker, watu waliokuwa wakijenga, kwa maana halisi, katika kivuli cha maafa. Serikali iliwataka wakadirie upepo wa ratili 56 kwa kila futi ya mraba, na Baker hakutosheka kuandika hesabu hiyo karatasini, bali alisimamisha vibao vya kupimia upepo, kikubwa na vidogo, katika kisiwa cha Inchgarvie kilicho katikati ya maji, ili tufani yenyewe itoe ushahidi. Alipotaka kuwaonyesha watu wasio wahandisi jinsi daraja lake litakavyosimama, aliwakalisha watu wawili vitini, mikono wameinyoosha, wameshika fito zilizotegemea viti vyao, na upande wa nje wa kila mmoja pakafungwa mzigo wa matofali. Kisha katikati yao, juu ya ubao uliochukuliwa na fito hizo, akaketi Kaichi Watanabe, mhandisi kijana kutoka Japani, miguu yake haigusi chini. Sijapata kuona somo la uhandisi lililofundishwa kwa adabu na wepesi kuliko hilo.

Daraja la Forth lilifunguliwa tarehe 4 Machi 1890: minara mitatu ya chuma cha pua, ribiti zipatazo milioni sita na nusu, na nafasi mbili kubwa za futi 1,710 kila moja. William Morris, mshairi na bingwa wa nakshi, aliliona kuwa upeo wa ubaya wa sura; nami namstahi Morris kwa nakshi zake, lakini hapa alikosa, kwani unene ule uliomchukiza ndio amana waliyowekewa abiria. Sifa hii haifuti deni: katika ujenzi wake walikufa wafanyakazi zaidi ya 70.

Huko Kanada, juu ya mto St. Lawrence, karibu na mji wa Quebec, somo lilisahauliwa. Theodore Cooper, mhandisi mashuhuri, aliirefusha nafasi ya kati ya daraja lililokusudiwa hapo kutoka futi 1,600 hadi 1,800, kwa hoja ya kuzipatia nguzo maji machache. Urefu huo ukalipita daraja la Forth, wala sidhani kuwa jambo hilo lilimkera. Uzito haukukadiriwa upya kwa wakati wake, na ilipogunduliwa kuwa umezidi, kazi ilikuwa imekwenda mbali, Cooper akaridhia iendelee. Yeye alikaa New York. Agosti 1907 mhandisi kijana, Norman McLure, aliona boriti kuu ya chini imepinda inchi 2 na robo, akasafiri mwenyewe kumpelekea habari. Cooper akapiga simu ya maandishi kwenda Pennsylvania, kwa kampuni iliyotengeneza vyuma, kuagiza mzigo usiongezwe, lakini jioni ile ile, tarehe 29, daraja likaanguka na kuua watu 75, miongoni mwao Wamohawk 33 wa kijiji cha Kahnawake.

Mwaka 1916, daraja jipya likijengwa, kipande cha katikati kilianguka kikiinuliwa, wakafa wengine 13. Lilikamilika mwaka 1917, na mpaka leo hakuna daraja la mtindo huo wa Baker, wa mikono iliyonyooshwa, lenye nafasi ndefu zaidi. Limelizidi lile la Forth kwa futi 90, na futi hizo zimeondoka na roho 88. Kwa hukumu yangu hazikustahiki hata moja.