Nani Hatajibu? Dodoso la Mtandaoni Likifika Isaka

Mtafiti anayetaka kujua hali ya kazi Isaka anaweza leo jioni kutengeneza dodoso kwenye kompyuta, akarusha linki katika makundi ya WhatsApp, na asubuhi akakuta majibu mia tano yanamsubiri. Kazi iliyokuwa ya wiki tatu imekuwa ya usiku mmoja. Lakini Isaka ni bandari kavu, mahali ambapo reli ya kutoka Dar es Salaam hukutana na malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Wapo madereva na utingo wao, wapakuzi wa mizigo, mama lishe, wakulima wa vijiji vya jirani, na vijana wanaopita kuelekea machimbo ya Bulyanhulu na Geita. Mwenye simu janja na bando atajibu. Mwenye simu ya kitochi hataiona hata hiyo linki.

Mafunzo mengi ya utafiti wa mtandaoni yanaanzia kwenye kifaa: programu ipi itumike, swali liwekweje, grafu itokeeje. Kifaa si tatizo letu tena. Sensa ya Agosti 2022 iliyohesabu watu 61,741,120 ilifanywa kwa vishikwambi, na makarani wake walikuwa walimu na vijana wa mitaani kwetu waliofundishwa wakaweza. Kigumu zaidi, na ndicho kinachostahili kuwa somo la kwanza, ni kumjua mtu ambaye hatajibu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Machimbo fulani yana wachimbaji wadogo 1,000, na 400 kati yao wana simu janja. Tunauliza: je, unajua bei ya leo ya dhahabu kwenye soko la madini? Wenye simu janja wanaojua ni asilimia 70, yaani watu 280. Kati ya wale 600 wasio nazo wanaojua ni asilimia 30, yaani watu 180. Jumla ni 460, sawa na asilimia 46. Dodoso la linki litaleta asilimia 70. Ukipata majibu 50 litasema karibu asilimia 70, na wenye simu janja wote 400 wakijibu litasema asilimia 70 kamili. Wingi wa majibu haukusaidii chochote, unakuongezea tu ujasiri wa kukosea.

Marekani walilijua hili mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akashinda kwa kishindo. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ya shida ambayo maskini wengi hawakuwa na kimoja wala kingine. Isitoshe, kati ya waliopelekewa kadi, waliojitokeza kujibu hawakufanana na walionyamaza.

Tanzania tunao mfano wetu wa kufundishia, nao ni Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza. Lengo lilikuwa kupata maoni ya wananchi wa Tanzania Bara mara kwa mara kwa njia ya simu. Njia rahisi ingekuwa kununua orodha ya namba na kuanza kupiga. Hawakufanya hivyo. Mwishoni mwa 2012 wadodosaji walikwenda kwanza kwa miguu yao hadi kwenye kaya 2,000 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Katika kila kaya alichaguliwa mtu mzima mmoja, naye kwa bahati nasibu, akahojiwa ana kwa ana. Kisha alipewa simu na chaja ya sola. Baada ya hapo ndipo kituo cha simu kikaanza kumpigia, raundi baada ya raundi.

Mpangilio huo una mantiki inayofaa kufundishwa hatua kwa hatua. Kwa kuwa kaya zilichaguliwa kabla ya kuuliza nani ana simu, asiye na simu hakuachwa nje. Kwa kuwa alipewa chaja ya sola, kijiji kisicho na umeme hakikunyamaza. Na kwa kuwa mahojiano ya awali yaliandika umri, elimu, mali na makazi ya kila mmoja, mtu akiacha kupokea simu baadaye watafiti wanajua ni mtu wa aina gani amepotea, na wanaweza kurekebisha uzito wa majibu ya waliobaki wanaofanana naye. Mwenye linki peke yake hana uwezo huo, maana hajui alikosa nani. Uzoefu wa kazi hii na wa tafiti za simu za Benki ya Dunia umo katika mwongozo uliochapishwa 2016, ambao Elvis Mushi, aliyefanya kazi Twaweza, ni mmoja wa waandishi wake. Kila idara ya sayansi ya jamii nchini ingepaswa kuwa nao.

Ukihoji kwa simu, ufundi wa kuhoji nao hubadilika. Ana kwa ana unaweza kumwonyesha mtu kadi yenye majibu nane achague. Kwenye simu, akifika jibu la tano amesahau la kwanza, kwa hiyo maswali yawe mafupi na machaguo machache. Mchimbaji aliye ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, hapatikani saa nne asubuhi, na dereva aliye njiani kuelekea mpaka wa Rusumo hapaswi kupokea. Namba isiyopatikana mara moja isifutwe. Ipigwe tena jioni, na tena siku nyingine, na kila jaribio liandikwe.

Lipo pia suala la anayesikiliza pembeni. Mwanamke anayetumia simu ya mumewe hawezi kueleza mambo ya nyumbani huku spika imewashwa. Mhojaji afundishwe kuuliza kwanza kama msailiwa yuko mahali pa kuzungumza kwa uhuru na spika imezimwa, na maswali nyeti yatungwe yajibiwe kwa ndiyo au hapana, ili aliye karibu asielewe kinachozungumzwa.

Kwa vijiji ambako mtandao unasumbua, programu kama ODK, iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, huwezesha kujaza dodoso bila intaneti na kulituma mtandao ukirudi. Ukiipanga hivyo, hukataa umri wa miaka 200 na huruka maswali yasiyomhusu mtu. Lakini haiwezi kukuambia kwamba umehoji watu wa barabarani tu ukaacha wa kule ndani.

Makundi ya WhatsApp ya madereva na wachimbaji yanahitaji somo lake la maadili. Ruhusa ya kiongozi wa kundi si ruhusa ya wanakundi wote. Mtafiti ajitambulishe, aeleze anatafuta nini, na asinukuu maneno yanayoweza kumfichua msemaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na namba ya simu ya mtu ni taarifa binafsi. Vibali vya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na barua za halmashauri havifutwi kwa sababu utafiti unafanyika mtandaoni.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara na wasimamizi wa tasnifu: mwanafunzi akileta pendekezo la dodoso la linki, msimuulize kwanza anatumia programu gani. Mtakeni aandike ukurasa mmoja unaotaja kundi analotaka kulizungumzia, sehemu yake isiyofikiwa na linki, na namna atakavyoifikia, iwe kwa simu ya kawaida, kwa mtu wa kumtuma au kwa miguu yake. Akishindwa kuuandika, asipewe ruhusa ya kukusanya taarifa. Utafiti unaomwacha nje mpakuzi wa Isaka hauna haki ya kujiita maoni ya watu wa Isaka.