Saa ya Tope la Meru
Kwenye mteremko wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya, upande wa Meru, lipo ziwa la kreta ambalo ramani huliita Sacred Lake, mita 2,350 hivi juu ya bahari. Sisi tunaokunywa maji ya Kathita na Rupingazi tunaujua mlima huu kwa mvua za juzi na jana. Lakini tope la ziwa lile limehifadhi habari za makumi ya maelfu ya miaka. Mwaka 1964 J. A. Coetzee alichapisha matokeo ya kuhesabu chavua zilizozikwa humo: enzi ya barafu, msitu ulishuka takriban mita 1,000 chini ya ulipo leo.

Chavua, hata hivyo, haisemi umri. Umri hutoka maabara, na kazi hiyo ndiyo inayonistaajabisha. Fundi huinamia darubini akitafuta kipande cha jani au mbegu ndani ya tope, kama anayechambua mchele. Akikipata hukiosha kwa asidi, kisha kwa magadi makali, kisha kwa asidi tena, ili kuondoa kaboni iliyopenya baadaye. Kilichobaki huchomwa, gesi yake hugeuzwa grafiti, ndipo mashine ihesabu atomi za kaboni-14. Hata katika jani bichi, ni moja hivi tu kati ya atomi trilioni moja za kaboni, na kila miaka 5,730 nusu yake hutoweka. Mbegu ya miaka 40,000 ikichanganyika na asilimia 1 tu ya kaboni ya leo, itaonekana changa kwa miaka 7,000 hivi. Ndiyo maana huoshwa mara tatu.

Tena saa hii ya kaboni haiendi sawa, kwani kaboni-14 angani imekuwa ikipanda na kushuka. Mwaka 1990 Edouard Bard na wenzake waliipima saa hiyo kwa matumbawe ya Barbados. Tumbawe hufyonza uraniamu ya bahari karibu bila thoriamu yoyote. Thoriamu inayokutwa ndani yake imezaliwa humo humo kutokana na uraniamu hiyo, nayo huhesabu miaka. Ilibainika kwamba penye miaka 20,000, kaboni hupunguza kama miaka 3,500. Basi jani la Meru husahihishwa kwa matumbawe ya mbali, pete za miti na mawe ya mapangoni.

Ukisoma tarehe yoyote ya kale kuhusu mlima wetu, tafuta namba inayofuata alama ya ±, yaani kadiri tarehe hiyo inavyoweza kukosea. Isipokuwepo, mwulize mwandishi ameiacha wapi.