Mchungaji na Maji ya Ziwa

Tumezoea kuisoma jazanda ya mchungaji kama picha ya upole tu. Hebu tuisomee Mwanza. Kijana wa Kisukuma aliyechunga ng'ombe anajua fimbo, jua na fisi (Yohana 10 inamtaja mbwa-mwitu, lakini huku adui wa zizi ni fisi bwana). Hapo jazanda imesimama barabara. Taabu inaanza na Zaburi ya 23, yenye maji yaliyotulia. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia. Sasa ufukweni tuyasomeje maji hayo? Kwa maoni yangu, mahubiri yanayoigeuza zaburi kuwa hirizi ya safari yameuruka mstari wa nne: bonde la giza halikuondolewa, mchungaji anapita humo humo na kondoo wake.