Sifa za Uzi Unaovuka

Apendaye kazi ya mikono na afike Mununga uvuvi unapofungwa. Mji huu wa wavuvi uko ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, upande wa Zambia, kaskazini ya Nchelenge, si mbali na pale Mto Kalungwishi unapoingia ziwani. Ng'ambo ni Kongo, ndiyo maana Kibemba na Kiswahili husikika kwenye mwalo mmoja. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari sheria huwapa samaki nafasi ya kuzaana, nyavu zikatandazwa kivulini, na wenye nyavu wakaketi kuzitengeneza.

Tazama sindano wanayoshika. Ni kibao chembamba cha plastiki au cha mti, kimechongoka mbele, kina ulimi katikati na pengo mkiani. Uzi hufungwa kwenye ulimi, ukashuka hadi kwenye pengo, ukageuka upande wa pili, ukapanda tena, mpaka sindano ijae. Uzi wote wa kazi umo mwilini mwake. Na sindano hiyo sharti ipite ndani ya jicho la wavu. Jicho likiwa dogo, sindano nayo iwe nyembamba. Ikiwa nyembamba, inabeba uzi mchache. Ikibeba uzi mchache, fundi analazimika kuijaza mara kwa mara. Hakuna ujanja wa mkono unaoweza kulikwepa jambo hilo. Njia ni nyembamba, na kinachopita kimebeba mzigo wake wote.

Wafumaji wa mikanda wamepambana na shida hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka 400, na jinsi walivyoitatua ni moja ya kazi nzuri kabisa ambazo akili ya fundi imewahi kufanya. Nasema hivyo nikijua kwamba mkanda ni kitu ambacho hakuna anayekitazama. Ukishuka sokoni Mununga utaukuta kila mahali: mshipi wa begi la salaula, yaani mitumba, kitambaa kinachoshika meno ya zipu, lastiki ya kiunoni, kamba bapa za viatu. Utambi wa chemli nao ni mkanda uliofumwa, wenye kingo mbili kamili, upana wa kidole. Vitu hivi ni vyembamba, lakini ni nguo. Vina mtande, yaani nyuzi za urefu, na vina mshindio, yaani uzi unaokwenda na kurudi kwa upana. Kuutengeneza mtande kunadai subira, ila ukishatandikwa unatulia. Mshindio ndio unaosafiri, na mwendo wa mashine nzima hutegemea safari yake.

Katika nchi iliyo kati ya Mweru na Rukwa safari hiyo ilijulikana kabla ya kiwanda chochote. Wafipa walilima pamba, wakaisokota, wakaifuma kwenye vitanda vilivyolazwa chini. David Livingstone, ambaye alilifikia Ziwa Mweru Novemba 1867, alipita ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika mwaka 1872, akaandika juu ya pamba iliyolimwa huko na nguo za mabegani zenye matamvua marefu zilizofumwa na wenyeji. Mfumaji alizungusha uzi kwenye kijiti kirefu, akakipenyeza kwa mkono baina ya nyuzi zilizoinuliwa na zilizoachwa chini, kisha akausukuma mshindio mahali pake kwa ubao. Ilikuwa kazi ya siku nyingi. Nguo zilizoletwa kwa meli na kwa reli ziliinyima soko. Leo Zambia inalima pamba, hasa Mkoa wa Mashariki, na sehemu kubwa inauzwa nje bado ghafi. Kiwanda cha Mulungushi pale Kabwe, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilisimama mwaka 2007. Linaniuma hilo, kwa sababu watu waliokuwa na kitanda cha kufumia sasa wananunua hata utambi.

Turudi kwenye uzi. Baada ya kijiti kilikuja chombo: kipande cha mti mgumu chenye umbo la mtumbwi, kimechongoka pande zote mbili, na tumboni mna bobini ya uzi. Kinarushwa kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, uzi ukikunjuka nyuma yake. Mwaka 1733 Mwingereza John Kay alikitengenezea njia na kamba ya kukirushia, hata mtu mmoja akaweza kufuma nguo pana ambayo awali ilitaka watu wawili. Ulikuwa ushindi mkubwa, ila haukugusa kiini cha shida. Chombo cha kiwandani kinaweza kufika nusu kilo, na uzi unaoachwa katika mpito mmoja hauna uzito wa kupimika kwa mkono. Ni sawa na mtu kupakia maghala yote ya unga mtumbwini na kuvuka ziwa ili apeleke kibaba kimoja, kisha arudi na maghala yake kuchukua kibaba cha pili. Nguvu, makelele na uchakavu, karibu vyote vilikuwa gharama ya mzigo ambao haukuhitajika ng'ambo.

Kwenye mkanda mambo ni magumu zaidi, na hapa wengi hukosea wakidhani chembamba ni rahisi. Mkanda una upana wa sentimita 2, chombo kina urefu wa sentimita kadhaa. Chombo ni kirefu kuliko njia yake! Hakiwezi kurushwa, maana kabla mkia haujaingia upande huu kichwa kimekwisha kutokea upande wa pili. Mafundi wa Ulaya wakakiwekea meno chini, wakakisukuma kwa gurudumu la meno, hatua kwa hatua, kimeshikwa muda wote. Halafu wakapanga mikanda mingi sambamba kwenye mtambo mmoja, kila mkanda na chombo chake, vyote vikienda pamoja kwa mkono wa mtu mmoja. Kati ya mkanda na mkanda ilibidi iachwe nafasi ya chombo kupumzikia, hivyo sehemu kubwa ya mtambo ilikuwa wazi.

Mtambo huo uliwatia watu hofu. Padri Mwitalia Lancellotti aliandika katika kitabu kilichotoka Venice mwaka 1636 kwamba huko Danzig, yapata miaka 50 nyuma, ilionekana mashine ya kufuma vipande vinne hadi sita kwa mpigo, na kwamba wakuu wa mji, wakiogopa wafumaji wataachwa bila kazi, waliamuru mwenye kuibuni auawe kwa siri. Kama aliuawa kweli, simulizi hiyo pekee haitoshi kuthibitisha. Lakini amri za kuupiga marufuku mtambo wa mikanda zilitolewa mji baada ya mji, na huko Hamburg mtambo wenyewe uliteketezwa kwa moto hadharani. Mimi siwalaumu wafumaji wale. Mashine iliyofuma mikanda sita kwa mkono mmoja iliwaachia watu watano maswali ambayo mwenye mashine hakuyajibu, na nitaendelea kuisifu akili iliyoibuni bila kuwasahau.

Wenye kufuma nguo pana, katika karne ya 20, walitua mzigo kwa njia zao. Kampuni ya Sulzer ya Uswisi ilileta sokoni mwaka 1953 mtambo ambao badala ya chombo hurusha kipande cha chuma cha gramu 40 kikivuta uzi kutoka kwenye koni iliyosimama pembeni. Wengine wakaupuliza uzi kwa upepo au kwa maji. Kwenye mkanda njia hizo hazina maana: upepo haufai kupulizwa kwa ajili ya sentimita 2.

Mfumaji wa mikanda akachukua sindano. Si ile ya nyavu inayobeba uzi tumboni, bali mkono mwembamba wa chuma uliopinda, wenye tundu nchani, ambao haubebi kitu chochote. Uzi unatoka kwenye koni kubwa nyuma ya mashine, ukipimwa na gurudumu linalotoa urefu unaotakiwa na si zaidi, ukapita kwenye tundu. Nyuzi za mtande zinaachana, nusu juu na nusu chini. Sindano inaingia upande wa kushoto, inavuka, inatokeza ncha upande wa kulia. Pale ukingoni inasubiri sindano nyingine ndogo, yenye kulabu na ulimi unaofunguka na kujifunga, ya namna ile ambayo Matthew Townsend wa Leicester aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1840 kwa ajili ya kufuma soksi. Kulabu inaunasa uzi. Sindano kubwa inarudi ilikotoka, na uzi umebaki umekunjwa: mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi, katika njia ile ile. Chanuo linaupiga ujongee kwenye wenzake. Kulabu inashuka, inakivuta kitanzi kipya kupitia kitanzi kilichotangulia, ulimi unajifunga, kitanzi cha zamani kinateleza na kuachwa. Mtande unabadilishana, wa juu chini, wa chini juu. Mpito mmoja umekwisha.

Mashine za leo hufanya hayo yote zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 30 ndani ya sekunde moja. Jicho haliioni sindano, linaona kivuli chake tu. Kwa mkanda wenye mipito 10 katika kila sentimita, mara 2,000 ni mita 2 za mkanda kila dakika, na mashine moja hufuma mikanda kadhaa sambamba. Kampuni ya Jakob Müller ya Frick, Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1887 katika eneo la Basel lililosifika kwa utepe wa hariri, ndiyo inayotajwa kwanza kila yanapozungumzwa mambo haya. Ninachokistahi mimi, kuliko hata kasi hiyo, ni uamuzi ulio nyuma yake. Fundi alijiuliza ni nini hasa kinachopaswa kuvuka, akajibu: kitanzi. Bobini ibaki nje, na chombo pia kibaki nje. Kivuke kitanzi, kikabidhiwe kwa anayesubiri ng'ambo, na aliyekipeleka arudi mtupu.

Malipo yake yameandikwa kwenye mkanda wenyewe, na huhitaji kwenda Uswisi kuyasoma. Chukua mshipi wa begi, uusogeze karibu na macho. Ukingo mmoja ni laini. Uzi unafika pale na kugeuka. Ukingo wa pili una mnyororo mdogo wa vitanzi, kimoja ndani ya kingine, kama uliosukwa kwa sindano ya krosheti. Hiyo ndiyo alama ya kulabu. Mkanda uliofumwa kwa chombo una kingo mbili zinazofanana, na mshindio wake ni uzi mmoja mmoja, haukupangwa wawili wawili. Ndiyo maana chombo hakijafa. Kwa kuwa uzi wake hauna mwisho ukingoni, kinaweza kuzunguka na kufuma bomba lisilo na mshono, na mishipa bandia ya damu wanayopachika madaktari wa upasuaji bado hufumwa hivyo. Pale ambapo kosa moja linagharimu uhai, mwendo wa polepole hukubaliwa.

Mnyororo una udhaifu wake. Katika namna rahisi kabisa, kila kitanzi kinashikwa na kitanzi kinachofuata, basi. Kikikatika kimoja, uzi unaanza kukimbia na ukingo unafunguka kwa urefu. Mafundi wakaongeza uzi wa pili, mwembamba, unaotoka upande wa kulabu na kufumwa pamoja na vitanzi ili kuvifunga. Uzi huo ni gharama, nao ni wa kwanza kuachwa na mwenye kutafuta bei ya chini. Dukani mikanda hiyo miwili hufanana sana. Ukiutazama ukingo na kuuvuta uzi mwishoni mwa kipande kilichokatwa, mmoja utakimbia na mwingine utagoma.

Hili si jambo la kujifurahisha tu kwa watu wa ziwani. Mweru lina eneo la kilomita za mraba 5,000 na zaidi, na mvuvi wa chisense, dagaa wa ziwa hili, hutoka usiku kuwavutia kwa taa. Jaketi la kuokolea maisha, kwa mwenye nalo, linashikwa mwilini na mikanda miwili au mitatu ya namna hii. Boya la ndani linaweza kuwa zima, kitambaa cha rangi ya machungwa kikawa kipya, na mtu akateleza nje ya jaketi kwa sababu ya ukingo uliofunguka. Ningependa kila chuo cha ufundi cha Mkoa wa Luapula kiwafundishe vijana kuusoma mkanda, na kama ipo siku tutarudi kufuma, tuanze na mikanda: mashine yake haitaki jengo la kiwanda cha vitenge, na wanunuzi wako hapa hapa mwaloni.

Kwa sasa, wewe unayenunua jaketi kabla ya kuvuka kwenda Kilwa au Pweto upande wa Kongo, geuza kila mkanda, utafute ukingo wenye mnyororo, uupitishe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada hadi kwenye mshono. Ukigusa kitanzi kilichokatika, au ukiona uzi umeanza kukimbia, mrudishie muuzaji jaketi lake.