Maji ya Rohini

Sisi tukaao Mwanza, ambako mtoto yeyote huteka maji ya ziwa pasipo kuulizwa uzazi wake, twaona shida kufahamu jinsi maji yawezavyo kuwa haramu kwa mtu. Lakini mwaka 1927, katika mji wa Mahad, Bara Hindi, B. R. Ambedkar aliwaongoza watu walioitwa najisi, naye ni mmoja wao, wakanywa maji ya birika la mji. Wenye daraja za juu wakalitakasa kwa kinyesi na mkojo wa ng'ombe.

Yafaa kukumbuka hayo tusomapo The Buddha and His Dhamma, kilichotolewa mwaka 1957, baada ya kufa kwake. Masimulizi ya kale husema Siddhartha alitoka nyumbani kwa kuona mzee, mgonjwa na maiti. Ambedkar akataa: mtu wa miaka 29 hajapata kuona mzee? Kwake, Siddhartha aliondoka kwa kukataa vita vya Washakya na Wakoliya juu ya maji ya mto Rohini.

Wako waliomlaumu kwa kuigeuza hadithi. Mimi simlaumu kwa hilo, kwani kila mpokezi wa hadithi huongeza lake. Kasoro niionayo ni kwamba wote wanena kama mawakili. Hata Yashodhara, akiagana na mumewe, asema kwa utulivu wa mjumbe wa baraza. Hata hivyo, laki kadhaa walioingia dini hiyo pamoja naye Nagpur, tarehe 14 Oktoba 1956, wengi wao Wamahar, walikuwa wamekatazwa visima tangu utoto.